Kahawia ya Masizi na Kiti cha Sita

Ninaandika haya nikiwa nimesimama, daftari juu ya kabati, kwa sababu tangu nilipofunguliwa jicho siwezi kukaa kitini nikatulia. Binti yangu Zuhura anasema nimekalia siafu. Basi mvumilie mwandiko. Ninyi vijana wa karakana za Majengo na wale wa karibu na Petite Barrière, pale mpakani, mliniomba niwaandikie tulivyokuwa tunaipata ile kahawia ya zamani, mkadhani ni jambo la kurasa mbili na kikombe cha chai. Nitawapa. Lakini mtaipata pamoja na aibu yangu, maana siku hizi haviachani.

Kwanza mjue mimi sikuwa seremala. Seremala akimaliza, mimi ndipo ninaanza: msasa, rangi, vanishi. Kiti kikitoka kwake kiko uchi, kikitoka kwangu kina heshima. Nimefanya hivyo miaka arobaini na kitu hapa Gisenyi, na mikono yangu ilikuwa ya kahawia hadi kwenye viwiko. Msikitini nikitawadha, watu walikuwa wananipisha wakidhani ni uchafu.

Ninyi leo mnasema “marron”, basi. Mkiulizwa marron gani, mnaonyesha namba kwenye mkebe. Aliyenifunza mimi, Mzee Mulamba, fundi wa Bukavu aliyehamia huku na sanduku moja la vifaa, alikuwa na jina kwa kila kahawia, na moja tu ndilo alilolitamka polepole kama anaonja mchuzi: bistre. Bistre ni kahawia inayotolewa kwenye masizi ya kuni. Jina ni la ule unga, na ni la rangi yenyewe pia. Haina wekundu wa udongo wala weusi wa kahawa iliyoungua. Nenda kwenye jiko la kuni la zamani, tazama boriti zilizo juu ya moto: ndiyo hiyo, na ukiisogeza mlangoni utaona chini yake kuna umanjano kidogo, kama asali imejificha. Ushike huo umanjano, maana ndio ulioniangusha.

Siku ya kwanza Mulamba aliponiambia nikatafute masizi, sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa na haraka, kama ninyi. Nilikwenda jikoni kwa mama, nikakwangua matako ya sufuria zote, nikatwanga, nikachemsha, nikapaka kabati la bibi harusi mmoja wakati Mulamba amekwenda Goma. Likatoka kijivu. Si kahawia iliyofifia, la, kijivu cha panya, na linateleza kwa mafuta ya kila mchuzi ambao mama yangu alipata kuupika. Mulamba alirudi, akalizunguka lile kabati mara mbili.

“We mutoto,” akasema, “umepaka kabati ao umepika sombe?”

Tulilipiga msasa siku tatu, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Siku ya nne ndipo akaniambia kwamba masizi ni ya aina mbili. Yale mepesi ya kwenye sufuria hayafai. Yanayotakiwa ni yale yaliyoganda kwenye boriti juu ya moto, magumu, yanang'aa, ukiyagonga yanavunjika. Na hayapatikani mjini, kwa sababu mjini watu wanapikia makaa, na makaa hayatoi kitu.

Basi nikapanda Cyanzarwe kwa miguu. Huko nikabisha kwa mukecuru mmoja, bibi kizee aitwaye Verediana, ambaye moshi wa jiko lake niliuona ukipenya kwenye nyasi za paa. Nikamsalimu vizuri, nikamwambia naomba masizi yake. Alinitazama kofia, akanitazama viatu.

“Mutu mwenye akili anaomba viazi,” akasema. “Anayeomba masizi ya mu jiko ya mutu, iko na mambo yake. Unataka kunilogea nani?”

Nilimweleza habari za kabati, vanishi na Mzee Mulamba, naye akazidi kunishuku, kwa kuwa mchawi gani asiyejua kueleza? Mwishowe akaniwekea sharti. Nitakwangua jiko zima, kila boriti, pasibaki kona, ili nisichague kipande cha kulogea. Kisha nitakula chakula kilichopikwa mle mle, mbele yake, ili kama kuna ubaya uanze na mimi. Nilikwangua hadi alasiri. Nikala viazi vyake na maharage, macho yanawasha, naye amekaa mkabala ananihesabia matonge. Nilipomaliza na sikufa, alicheka, akanifungia masizi kwenye jani la mgomba. Miaka ishirini iliyofuata nilichukua masizi kwake, na kila mara alinilisha kwanza.

Sasa shikeni kalamu. Twanga masizi magumu, chekecha kwa kitambaa chepesi. Tia kwenye maji, weka moto mdogo, yasichemke kwa fujo. Ongeza kijiko cha majivu safi, utaona yanakolea. Teremsha, acha yatulie hadi kesho yake. Maji ya juu ndiyo bistre. Tope la chini ni la kutupa. Yarudishe motoni yapungue. Mwisho tia karafuu chache, la sivyo yatavunda. Hiyo karafuu niliiongeza mimi, mjukuu wa wauza viungo, na Mulamba alikubali baada ya kununa wiki moja. Mbao uiloweshe kwanza kwa maji matupu, ikauke, uipige msasa, ndipo upake. Ukiruka hapo, nyuzi za mbao zitasimama na kiti kitamkwaruza mtu. Paka mara mbili, mara tatu. Vanishi juu.

Na sheria ya Mulamba, ambayo ni kubwa kuliko masizi: ukipewa kitu kipya kifanane na cha zamani, lazima cha zamani kiwepo. Uviweke pamoja kwenye kizingiti cha mlango, asubuhi, mahali ambapo jua halijafika. Usipake kwa kukumbuka. “Kichwa inasema uongo,” alikuwa akisema, “mulango haisemi.” Nilimwona akimrudisha mheshimiwa mmoja hadi nyumbani kwake akalete mguu wa meza, na mheshimiwa akaenda.

Mulamba alipofariki niliishika sheria yake miaka mingi. Kisha nikawa mashuhuri. Mjihadhari na hilo. Watu walianza kusema Papa Zuhura akiangalia kitu mara moja anakijua, nami nikaanza kuwaamini. Kwa muda huohuo, pole pole mno hata sikushtuka, dunia ilikuwa inageuka manjano. Kanzu zangu zilionekana chakavu, nikamlaumu Zuhura kwa sabuni anayonunua. Bistre nayo niliiona imezidi umanjano, nikalaumu kuni za siku hizi. Dawa yake niliipata kwa mama mmoja aliyekuwa akivusha vitu pale Petite Barrière: unga mweusi wenye ubluu, unatia kidogo tu, umanjano unakufa. Nikatia kidogo. Mwaka uliofuata nikatia zaidi.

Hapo ndipo akaja Mama Claudine wa Nengo, mtaa ule wa kilimani.

Mama Claudine na mumewe, ambaye alikuwa mwalimu, walirudi kutoka Congo na viti sita juu ya lori, vyote vya kahawia hiihii ya moshi. Mwalimu alikuwa na chake, kile cha mwisho wa meza. Alifariki, kiti kikabaki. Kisha yakaja yale matetemeko ya volkeno, ukuta wa sebule ukaanguka, na kati ya viti vyote ukaangukia hicho. Vipande vyake havikufaa hata kwa kuni. Mama Claudine aliagiza kingine kwa seremala, mfano uleule, na ilipofika zamu yangu alikuja karakana mwenyewe kwa miguu, nyuma ya kijana wa baiskeli aliyefunga kiti kimoja cha zamani.

“Papa Zuhura,” akasema, “nimekuletea ndugu yake umuangalie.”

Nisikilizeni vizuri. Kiti kilikuwa pale. Mlango ulikuwa pale. Ilikuwa asubuhi. Na mimi, mbele ya mafundi wenzangu, nikapunga mkono.

“Rudisha kiti yako, Mama. Ile rangi iko mu kichwa yangu.”

“Bon,” akasema. “We ndiyo unajua.”

Baiskeli ikageuzwa, ikapanda tena kuelekea Nengo na kiti mgongoni. Nilipaka kile kipya, nikakipeleka, akashukuru, akanipa chai. Nikaondoka najiona mfalme.

Niliacha kazi mwaka juzi kwa sababu ya magoti, si macho. Ubovu wa macho niliukana. Zuhura ndiye aliyenikamata, siku ya Ijumaa, nilipotoka nyumbani na kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Mimi! Nilimwambia vinafanana. Hakubishana, alinishika mkono kama mtoto na wiki ileile tukawa kwa daktari. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Wakaanza na la kulia.

Walipotoa bandeji nilirudi nyumbani nimeshika ukuta, si kwa kutoona bali kwa kuona. Kanzu ilikuwa nyeupe tangu zamani, umanjano ulikuwa jichoni mwangu. Nilimwomba Zuhura radhi kuhusu sabuni. Mlangoni nikakuta kigoda, rangi yake ya biringanya. Kweli kabisa, zambarau inayoelekea usiku, imepakwa vanishi ikang'aa.

“Nani ametuletea kitu kibaya namna hii?” nikauliza.

Zuhura akakivuta kigoda pembeni. “Ni wewe, Baba.”

“Lini?”

“Kabla hujaacha kazi. Tulidhani umebadilisha mtindo.”

Umebadilisha mtindo! Tangu saa ile sijakaa nikatulia. Nilichukua fimbo nikaanza kuzunguka mji kutafuta kahawia zangu za miaka ya mwisho. Niliingia kwenye hoteli moja ya huku ziwani ambayo niliipakia kaunta, nikawa naipapasa, askari akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, nimepoteza kaunta. Walikuwa wameifunika yote kwa plastiki ya kung'aa. Nilikwenda kwa Ramadhani, fundi cherehani, jirani yangu wa safu moja msikitini, kuangalia meza yake ya kukatia. Biringanya. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakunieleza, miaka yote tunapeana mikono.

“Mi nilizani iyo ni mode mupya,” akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Sikujua nimkumbatie au nimpige.

Nilipaka pia jeneza la mzee mmoja wa parokia. Hilo sitalifikia tena, na ninamwomba msamaha popote alipo.

Lakini hayo yote niliyabeba. Kaunta imefunikwa, meza inakatiwa suruali, jeneza liko chini. Kisichonipa usingizi ni kiti cha Nengo, kwa sababu kule kwingine jicho lilinidanganya, na pale nililetewa ukweli hadi mlangoni nikaufukuza. Na mtu mwenyewe ni mjane. Nilikuwa nikimwona sokoni akiniamkia, “Papa Zuhura, bonjour,” na mimi najibu kwa fahari. Nilikuwa nikikumbuka hilo natoka jasho.

Nikaamua kumtengenezea bistre ya haki. Nikapanda Cyanzarwe, safari hii kwa pikipiki. Verediana alishafariki zamani. Jiko lipo, ni la mkwe wake, lakini paa ni bati na anapikia gesi. Alinionea huruma. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la mbuzi, ambapo boriti za jiko la zamani zilitumika kujengea. Zilikuwa bado na masizi, magumu, yanang'aa. Nikakwangua mbuzi wakinitazama. Nilipomaliza mkwe akaniletea sahani ya viazi na maharage, akasema alimkuta mama mkwe na desturi hiyo: anayekuja kwa masizi lazima ale. Nikala hadi tonge la mwisho, machozi yananitoka, na moshi haukuwepo wa kusingizia.

Siku tano nilichemsha na kutuliza na kupunguza. Nilipata chupa moja. Niliijaribu mlangoni, asubuhi, kwa jicho jipya: asali ile, chini kabisa, ipo. Nikaifunga chupa, nikachukua msasa na vitambaa, nikapanda Nengo.

Mama Claudine alinikaribisha sebuleni. Vitano vilikuwa vimekaa kwa adabu pande zote za meza, na cha sita mwisho wa meza kikinikodolea macho. Kilikuwa kibaya kuliko nilivyoogopa.

“Mama Claudine, nimekuya kwa ajili ya ile kiti.”

“Kiti gani?”

“Ile ya rangi ya biringanya.”

Akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakatikisika, hadi machozi. “Kumbe sasa unaiona!”

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Nikuambie nini, Papa? Nilikuletea ndugu yake, ukamurudisha. Ukasema rangi iko mu kichwa. Nikasema, labda kichwa ya fundi inajua kitu mi sijue.” Alipangusa macho. “Siku ya kwanza nililia. Nilitaka kukurudishia. Nilikuwa na hasira na we, sitakuficha.”

“Donc nipatie leo. Nitaipiga msasa hapa kwa baraza. Kesho kutwa haitajulikana ni ipi.”

Aliacha kucheka.

“Ndiyo iyo sitaki,” akasema. “Papa Claudine alipokufa, ile kiti yake ilikuwa sawa na zingine. Wageni wanakuya, kila mutu anavuta kiti, anakaa. Mutu wa nyumba kumi, mukwe, mutoto wa jirani, wote wanakaa fasi yake, na mi ninyamaze, kwani nitasema nini? Ile ya kwanza ingebaki, bado ningeipoteza kila siku. We ukaniletea hii. Tangu ifike hakuna mutu anaikaa. Mugeni akiiona anaogopa, anachukua ingine. Wajukuu wanasema, ile mbaya, ile ya babu. Sasa ukiipaka ikuwe nzuri, nitaijulia wapi?”

Nawaambia ukweli, sikufurahi. Msidhani kifua kilitulia. Nilitaka kukichukua kile kiti kwa nguvu, nikimbie nacho. Miaka arobaini na kitu nimefanya kazi vitu visitofautiane, na sasa kitu changu kibaya kuliko vyote ndicho kinachoombewa kisiguswe. Nilimwambia watu watasema Papa Zuhura ndiye aliyepaka. Akasema wanasema tayari.

“Ikaa, nikupe chai,” akasema.

Nikavuta kimojawapo cha vile vitano.

“Hapana. Ile.”

“Mama, si umesema hakuna mutu anaikaa?”

“Hakuna. Lakini we ndiye uliifanya. Ikaa uone.”

Nikakaa. Nilijigeuza huku, nikajigeuza kule. Kiti hakikunikwaruza popote. Angalau kulowesha mbao nililowesha. Akaleta chai ya tangawizi, akakaa upande, akanisimulia jinsi mwalimu alivyokuwa akisahihisha madaftari pale mwisho wa meza huku mguu ukigonga sakafu, hawezi kutulia hata kidogo. Nikauangalia mguu wangu. Ulikuwa unagonga.

Chupa iko hapa juu ya kabati, karibu na daftari, inanuka moshi na karafuu. Hata kwa karafuu haitadumu zaidi ya miezi miwili, na mimi sina tena cha kuipakia. Atakayeihitaji aje aichukue. Aje asubuhi, na abebe kitu cha zamani anachotaka kukifananisha. Akija mikono mitupu akaniambia rangi iko kichwani, atarudi nyumbani kama ile baiskeli ilivyorudi Nengo. Na asije Ijumaa baada ya swala. Saa hizo niko kwa Mama Claudine, nimekalia biringanya yangu, ninakunywa chai, na siruhusiwi kugusa kitu.